Turubai Namba Ishirini na Saba

Siku ramani ilipobandikwa, Mama alinituma nikaitazame kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika mkono mmoja, na hakutaka watu wa mtaa wamwone akiishikilia usoni kwa kidole.

"Nenda uone kama wametuwekea bati mpya," aliniambia. "Na ukiona wametuwekea choo cha ndani, usipige kelele huko barabarani. Njoo uniambie mimi kwanza."

Mtaa wetu uko ukingoni mwa mji wa Kitui, mahali lami inapochoka na kuuachia udongo mwekundu kazi iliyobaki. Nyumba ni za kaunti, iliyozirithi kutoka kwa baraza la zamani: vyumba viwili na jiko, kuta za matofali, paa la bati, zote zimepangwa safu kwa safu kama madawati ya shule. Kwa miaka mingi hakuna aliyezigusa isipokuwa sisi wapangaji, na sisi tulizigusa kwa uangalifu, kama unavyomgusa mtu aliyelala. Sasa kaunti ilikuwa na mpango. Nyumba zilizo imara zingekarabatiwa, zilizochoka zingebomolewa, na mahali pake zingesimama za ghorofa.

Ramani ilikuwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya wadi, nyuma ya wavu wa kuku uliowekwa ili watu wasing'oe karatasi. Ilikuwa na rangi tatu. Buluu ilikuwa ukarabati. Kijivu ilikuwa kubomoa, na wapangaji wake kupewa nafasi za kwanza ghorofani. Kijani ilikuwa eneo la wazi.

Nilipitisha kidole katika tundu la wavu nikaanza safari ya kwenda nyumbani. Nilianzia duka la jirani yetu, nikafuata safu, nikahesabu mpaka mwisho. Penye nyumba yetu palikuwa kijani. Katikati ya kijani hicho, kwa herufi ndogo nzuri, waliandika: uwanja wa watoto kuchezea. Mchoraji mmoja mwenye moyo mwema alikuwa amechora hata bembea, pale pale kilipo kitanda cha Mama.

Nilidhani nimehesabu vibaya. Nikarudia. Safari hii niliiona namba yetu, ishirini na saba. Ilikuwepo, tena kwenye buluu, mraba mdogo safi ulionyooka kuliko wote, umbali wa hatua kumi na tano hivi kutoka kwenye bembea. Mraba huo ulikuwa uani kwetu, mahali ambapo hakuna nyumba na haijawahi kuwepo.

Nilirudi nikamkuta Mama ameketi mlangoni na jirani. Jirani huyo ndiye mwenye duka. Babu zake walikuja kutoka pwani kwa biashara wakasahau kurudi, naye amezaliwa Kitui, anaongea Kikamba cha kumshinda Mama, lakini Kiswahili chake bado kinavaa kanzu. Niliwaeleza nilichoona. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na choo?"

"Mama, hatupo. Sisi ni uwanja."

"Uwanja wa nini?"

"Wa watoto kuchezea."

"Asi!" alisema, akashika goti. "Watoto wa nani?"

Jirani alicheka mpaka leso ikamteleza. Kisha ghafla akaielekeza shingo yake uani. "Hebu ngoja kwanza. Hatua kumi na tano, umesema? Kwa upande gani?"

Nikamwonyesha. Sote watatu tukageuka, na pale tulipotazama palikuwa na turubai la buluu la Mama, limetandazwa juani, limebeba ndengu.

Lazima nieleze kuhusu hizo ndengu, ambazo wengine huziita choroko. Mama alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, lakini hajawahi kuacha kulima. Kaka zake waliomwachia kipande kidogo cha shamba huko Zombe humpa pia shida zote zinazokuja na kipande hicho. Kila msimu anang'oa ndengu zake, anazipakia gari na mashina yake yote, anazileta mjini, na kuzitandaza uani. Haziachi Zombe kwa sababu mbuzi wa Zombe, kulingana na yeye, wana tabia za kaka zake. Turubai ni lile lile kila mwaka, na mahali ni pale pale, kona nne zimegandamizwa kwa mawe manne anayoyafahamu kama watoto. Mashina hurundikwa katikati kwa urefu ili upepo upite pande zote mbili. Ukisimama mbali unaona mstatili wa buluu wenye mgongo katikati.

"Si mnaikumbuka ile droni?" jirani akasema. "Mwaka jana, majira haya haya. Mimi nilikuwa napanga sabuni, wewe ukatoka na kitenge chako kipya ukaipungia mkono."

Niliikumbuka. Ilipita juu ya mtaa ikivuma kama nyuki aliyechelewa kazini. Tuliambiwa inapiga picha za mipango ya makazi. Hakuna aliyefikiri kwamba ingepita mara moja tu, wala kwamba ingeamini kila kitu ilichokiona.

"Turubai lako limehesabiwa nyumba," jirani akasema taratibu, kama mtu anayetoa pole. "Na nyumba yako, mwenzangu, itazame vizuri."

Tuliitazama. Paa letu lilikuwa halijabadilishwa tangu kabla sijazaliwa. Kwanza lilikuwa la fedha, kisha likawa la majivu, kisha kutu ikaanza kwenye misumari na kutambaa, msimu baada ya msimu, mpaka hakukuwa na doa lililobaki. Nilikuwa nimeliona kila siku ya maisha yangu, lakini siku hiyo ndiyo niliyogundua kwamba rangi yake na rangi ya udongo wa Kitui ni rangi moja. Mama aliandika barua kila Januari kuomba bati mpya. Barua zilipokelewa, zikapigwa muhuri, zikalala. Nyumba iliachwa bila kutunzwa kwa muda mrefu hadi ikafutika machoni pa mbingu.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa afisa wa makazi. Alikuwa kijana mwenye adabu, shati limepigwa pasi hadi likawa na makali, na mezani pake palikuwa na futi ya chuma aliyokuwa akiivuta na kuiachia alipofikiri. Alitupa viti. Alimwita Mama "mwaitu", mama yetu, kama mtoto yeyote wa Ukambani aliyelelewa, na kwa sababu hiyo ilikuwa vigumu sana kumkasirikia.

"Nyumba yangu imepotea," Mama akamwambia.

Akafungua faili. "Haijapotea, mwaitu. Hii hapa. Ishirini na saba, ukarabati kamili. Paa mpya, mlango mmoja, madirisha mawili, rangi. Na barua zako zote ziko hapa, zimefanya kazi. Wengine wamepata rangi peke yake."

"Hiyo ni turubai."

"Pardon?"

"Turubai. Nimeanika ndengu."

Aliinua picha ya droni kutoka kwenye faili, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Futi ikatoka, ikarudi. "Lakini hapa imeandikwa kuta ziko katika hali nzuri."

"Haina kuta."

"Ndio maana hakukuonekana nyufa," akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na picha.

Mimi nikaingilia. Nilimwomba afute hapa na kuandika pale, kazi ya kifutio na dakika mbili. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Mpango ulikuwa umesomwa, umejadiliwa, umepitishwa na kupigwa muhuri. Kuhamisha mraba mmoja ilikuwa ni kubadilisha mpango, na kubadilisha mpango ilikuwa ni kuanza upya: kuita wananchi, kuwakalisha chini ya hema, kuwapa soda, kuchukua maoni yao. Na wakati huo wote hakuna nyumba hata moja ambayo ingeguswa.

"Sasa mnataka mtaa mzima wanyeshewe kwa sababu ya ndengu zenu?"

Hapo alitupata. Mama alitazama mikono yake. Alijua kila ndoo iliyokingwa chini ya kila paa la mtaa ule.

"Lakini usiwe na wasiwasi, mwaitu," afisa akaendelea, akijitahidi kutufariji. "Nyumba yako iko salama kabisa. Yenye shida ni ile tu unakaa."

Kisha akatueleza jambo lililobaki. Alhamisi angepita kuhakiki wapangaji. Angebisha kila mlango wenye namba. Mpangaji akikosekana katika namba yake, nyumba ingepewa mtu mwingine, kwa maana foleni ya wanaotafuta nyumba za kaunti ilikuwa ndefu kuliko orodha ya nyumba zenyewe.

"Kwa hivyo Alhamisi nipatikane wapi?" Mama akauliza.

Afisa aliitazama picha. Akatazama dirishani. "Kwa namba yako, mwaitu."

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika kona ya duka, Mama akasimama katikati ya njia. "Mimi sirudi Zombe," akasema, ingawa hakuna aliyemwambia arudi. "Nikawe mgeni wa kaka zangu? Nipewe kiti cha mgeni kila jioni, niulizwe nitaondoka lini? Hii nyumba niliingia nikiwa na wewe tumboni. Baba yako alitolewa humu akiwa amebebwa. Nitakaa kwa hiyo turubai."

Nami nilijua kwamba angekaa.

Ugumu ulikuwa kwamba ndengu zilikuwa tayari. Ukipita karibu ulisikia maganda yakipasuka juani, tak, tak, kama mtu anayekata kucha. Kwa kawaida siku kama hizo tungezipiga kwa fimbo, tuzipepete kwa ungo, tutie magunia, tukunje turubai na kuliweka juu ya dari. Lakini turubai sasa lilikuwa mali ya kaunti iliyosajiliwa, na Mama aliogopa kwamba akilikunja atakuwa amebomoa nyumba bila kibali. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa kusini. Siku tatu nzima alizunguka ndengu zake akitazama juu na chini, mwanamke mwenye nyumba mbili na bila paa hata moja la kuaminika.

Alhamisi aliamka akavaa kitenge kile kile alichoipungia nacho droni. Alisema pengine watamkumbuka. Tulibeba kiti cha plastiki, meza ndogo na jiko la makaa, tukavipanga juu ya turubai kwenye nafasi iliyobaki kati ya mgongo wa ndengu na ukingo. Nilipendekeza tuache jiko. "Nyumba bila moto watasema hakuna mtu," akanijibu, akapuliza makaa. Jirani alifunga duka, akaja kusimama nje ya ukingo.

"Ingia basi," Mama akamwambia.

"Hujanikaribisha rasmi."

"Si unaniona?"

"Nakuona kupitia ukuta, mwenzangu. Haitoshi."

Afisa alifika karibu saa nne, ubao wake wa kuandikia kifuani. Alisimama hatua moja kutoka kwenye turubai, akatazama upande wa kushoto na wa kulia kama anayetafuta kengele, kisha akakohoa.

"Hodi."

"Karibu," Mama akajibu. Afisa aliponyanyua mguu, Mama akamnyooshea kidole. "Viatu."

Akavivua. Nadhani alichukulia ni heshima ya nyumba. Mama aliniambia baadaye kwamba hakutaka ndengu zake zipondwe na visigino vya serikali.

Alikalia kiti tulichompa na kuanza kuuliza maswali yake, na hakuruka hata moja, kwa kuwa yote yalichapishwa.

"Vyumba vingapi?"

Mama alitazama huku na huku. "Kimoja. Lakini ni kikubwa."

"Mwanga na hewa?"

"Havijawahi kukosa."

"Hali ya paa?"

"Umeikanyaga."

Alitazama soksi zake. Kalamu ilisita, kisha akaandika. "Inavuja?"

"Mvua ikinyesha, yote inaingia."

"Yote," akarudia akiandika. "Kuna malalamiko yoyote juu ya majirani?"

"Huyu hapa," Mama akasema, "anakaa mlangoni anasikiliza mambo ya watu."

"Mimi niko nje!" jirani akapaza sauti. "Sijatia hata ukucha!"

Afisa alimpa Mama fomu atie sahihi. Alipokuwa akifunga kamba za viatu, ameinama, alisema kwa sauti ambayo haikuwa ya ofisi: "Mwaitu, mimi nilisomea hii kazi miaka minne. Hawakutufundisha ndengu." Mama akamfungia konzi mbili kwenye gazeti ampelekee mkewe.

Kwa hiyo tukawa wapangaji halali wa turubai.

Wiki iliyofuata fundi alikuja. Alikuwa mzee mkavu wa Mbumbuni, penseli nyuma ya sikio, na lori lililombebea vifaa lilitoka Emali. Mkandarasi alikuwa amempa karatasi, na karatasi hiyo alikuwa ameiweka kwenye mfuko wa plastiki kama picha ya mtoto wake. Aliisoma mbele ya turubai. Akaigeuza upande wa pili, ambao haukuwa na maandishi, akausoma nao.

"Mama, hapa nimeambiwa nitoe paa ya zamani, niweke mpya."

"Toa."

"Paa ya zamani ni gani?"

Mama akamwonyesha kwa kidevu. Fundi alitazama turubai kwa muda. Nilimwona akipima ndani yake mambo mawili, akili zake na kazi yake, na kazi ikashinda. "Sawa," akasema. "Ile ya zamani lazima nirudishe stoo, wahesabu. Toeni vitu."

Hiyo ndiyo siku tuliyopiga ndengu, kwa haraka, fundi mwenyewe akishika fimbo, na mawingu yakiwa yamefika juu ya mtaa. Tuliingiza magunia ndani ya nyumba isiyokuwepo dakika chache kabla ya tone la kwanza. Fundi alikunja turubai. Mama alilishika upande mmoja, hakuliachia.

"Hii ni yangu. Nilinunua mimi."

"Mama, nisiporudisha paa, hawanipi mabati. Karatasi inasema moja itoke, moja iingie."

Likaenda. Baadaye tulisikia limeandikwa katika daftari la stoo: paa moja, kuukuu, bila kutu. Jirani alisema ndilo paa pekee la kaunti linaloweza kukunjwa na kutiwa kwapani, na kwamba wangepaswa kulionyesha kwa kaunti nyingine.

Mbao za paa zilikuwepo, mabati yalikuwepo, misumari ilikuwepo. Kuta, kwa kuwa zilikuwa katika hali nzuri, hazikuwa na hata tofali moja kwenye orodha. Fundi alizunguka eneo lile akiuliza, "Sasa mimi napigilia wapi?" Mwishowe jirani alitoa nguzo za kibanda chake cha zamani, fundi akazisimika kwenye pembe, akapandisha paa juu yake. Lilikuwa paa zuri. Liling'aa kiasi kwamba kuku waliokuwa wakilala kwenye ua wa jirani walihama siku hiyo hiyo.

Kisha akauchukua mlango.

"Huu nitauweka wapi?" akauliza, na safari hii aliuliza kwa kukata tamaa kabisa.

"Pale watu huingilia," Mama akasema.

Aliusimika kwenye saruji, ukiwa na fremu yake, ukiwa peke yake, ukielekea njia. Aliupaka rangi ya kijani kibichi. Madirisha mawili aliyasimamisha pembeni kwa miguu ya mbao, yakatazama shamba la watu. Mwisho alimkabidhi Mama ufunguo, akamfanya atie sahihi kwamba ameupokea, akaondoka bila kugeuka.

Jambo lililonishangaza halikuwa mlango. Lilikuwa watu. Ndani ya siku mbili kila aliyekuja kumwona Mama alipitia humo. Wangeweza kuzunguka, nafasi ilikuwa pande zote, mbuzi walizunguka. Lakini watu wa mtaa wetu wana adabu, na mlango ni mlango. Walibisha, wakasubiri, wakaukuta umefungwa, wakarudi njiani na kupaza sauti. Mama alikuwa hatua kumi na tano nyuma, ndani ya nyumba yake ya kweli, akipika. Ilimbidi atoke, apite uani, afungue mlango kutoka ndani, aseme karibu. Nilicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu niliona jinsi alivyochoka, na jinsi alivyokuwa ameanza kumwambia kila mgeni, "Nyumba bado haijaisha," kana kwamba ingeisha.

Kisha kikaja kijiti. Kilichomekwa kwenye udongo mbele ya nyumba yetu ya zamani, na juu yake palikuwa na karatasi: Jumatatu mtambo utasawazisha uwanja. Hawakuibandika mlangoni kwetu kwa sababu kwenye karatasi zao hatukuwa na mlango.

Mama aliisoma mara mbili, miwani ikishikiliwa kwa kidole. Hakusema asi. Aliingia ndani akakaa kitandani, na mimi nikakaa karibu naye, na kwa muda mrefu tulisikiliza mtaa. Mabati mapya yalikuwa yakipigiliwa kila upande. Watu waliitana kutoka paa hadi paa. Mvua ya alasiri ilipita, na kwa mara ya kwanza tangu niwe na akili, hakuna sauti ya ndoo iliyotoka kwenye nyumba yoyote isipokuwa yetu.

"Tutahama," akasema.

"Wapi, Mama?"

"Hapo nje."

Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na kisu kipana cha kukatia sukuma wiki. Alikichomeka kati ya tofali na tofali, karibu na dirisha. Udongo uliozishikanisha ulikuwa umezeeka, ukatoka kama makombo ya mkate. Akatikisa tofali, likasogea. Akalitoa zima, akalipangusa kwa kitenge, akanipa. Lilikuwa na uzito nisioutarajia. "Peleka," akasema. Nikalipeleka chini ya paa jipya, nikaliweka kwenye mstari kati ya nguzo na nguzo. Kisha nikarudi kuchukua la pili.

Kufikia jioni jirani alikuwa amefunga duka. Asubuhi ya Jumamosi walikuja watu wa safu yetu, na hakuna aliyeuliza tunafanya nini, kwa kuwa kila mtu aliijua ramani kwa moyo. Walijipanga, wakapitisha matofali mkono kwa mkono. Paa la zamani lilipoguswa lilivunjika kama biskuti. Mtu alimtafuta yule fundi, akaja na mwiko wake bila karatasi yoyote, na nadhani ndiyo siku niliyomwona akiwa na furaha. Alijenga kuufuata mlango. "Hatimaye," alikuwa akinong'ona kila alipoweka tofali kando ya fremu, "hatimaye, mama yangu."

Saa sita afisa alitokea, anakimbia, shati limetoka nje.

"Mwaitu! Mwaitu, simameni! Hiyo ni mali ya kaunti!"

"Gani?" Mama akauliza, tofali mkononi.

"Hiyo nyumba. Mnabomoa nyumba ya kaunti bila kibali!"

"Leta ramani."

Alikuwa nayo. Alikuwa nayo daima. Akaikunjua juu ya toroli, na sote tukainama. Mama hakuhitaji miwani. Aliweka kidole chenye vumbi jekundu kwenye kijani.

"Hapa tumesimama ni wapi?"

Afisa alitazama. Nilimwona akisoma maneno yake mwenyewe polepole, herufi kwa herufi. "Ni uwanja," akasema.

"Kuna nyumba?"

"Hakuna."

"Sasa mimi nabomoa nini?"

Watu waliacha kupitisha matofali. Mkono wa afisa ulikwenda mfukoni kutafuta futi, ukarudi bila kuitoa. Alitazama ukuta uliobaki nusu, kitanda kilichokuwa sasa nje juani, kalenda iliyoning'inia kwenye ukuta wenye anga nyuma yake. Kisha akashusha pumzi.

"Mnasafisha uwanja," akasema. Akaliandika hilo. Akauliza tuko wangapi, ili aandike pia kwamba wananchi walijitolea. Alipomaliza alikunja mikono ya shati, makunjo mawili sawa kila upande, akaingia kwenye mstari kati ya jirani na mimi. Hakuwa hodari. Aliangusha matofali matatu na kuomba msamaha kwa kila moja.

Jumatatu mtambo ulifika. Dereva alikuta ardhi tupu, akaisawazisha kwa nusu saa, akamshukuru Mama kwa maandalizi.

Nyumba ni ile ile, isipokuwa haiko pale pale. Vyumba ni viwili na jiko, ingawa kwenye fomu tuliyotia sahihi ni kimoja. Madirisha yanatazama upande mwingine, kwa hiyo jua huingia sasa kwa Mama badala ya kuingia kwangu. Matofali hayakurudi kwa mpangilio wake. Lile ambalo Baba alikuwa akinipimia urefu, lenye mistari ya kisu, liko jikoni karibu na sakafu, limepinduka, na kwa kulitazama ungedhani nilikuwa nikipungua kila mwaka. Mama analala vizuri. Anasema bati jipya lina kelele mvua ikinyesha, lakini ni kelele ya nje.

Juzi nilikuwa mlangoni nikimtazama akirudi kutoka dukani na unga. Alikuwa akikatiza uwanja, ardhi iliyonyooka kama meza, hakuna jiwe wala mchongoma. Alipofika katikati alipinda. Alikwenda hatua kadhaa kando, akarudi kwenye mstari wake, akaendelea kuja. Alikuwa amezunguka kona ya jiko letu la zamani. Nyuma yake watoto wawili wa safu ya pili walikuwa wakikimbizana na tairi, nao hawakuzunguka chochote. Walipita moja kwa moja katikati ya sebule yetu, wakipiga kelele, na Mama, bila kusimama, akageuza kichwa akawaambia wapunguze sauti, kuna mtu amelala.

Nilitaka kumuuliza ni nani. Alinipa unga nikaushika, akapita ndani kuwasha jiko.